Octave Mirbeau, mwandishi aliyeuza kalamu yake kisha akaikomboa

Tarehe 19 Februari 1917, siku tatu baada ya kifo cha mwandishi Octave Mirbeau, gazeti la Le Petit Parisien, mojawapo ya magazeti yaliyosomwa sana Ufaransa wakati huo, lilichapisha maandishi yaliyoitwa wasia wake wa kisiasa. Katika wasia huo, mtu aliyelishambulia jeshi, uzalendo wa kelele na viongozi wa kila chama kwa takriban miaka thelathini alionekana akiitukuza Ufaransa iliyokuwa vitani na kuwahimiza watu waiweke nchi mbele ya kila kitu. Marafiki zake wa karibu, wakiwamo Léon Werth, Francis Jourdain na George Besson, walikana kabisa kwamba maneno hayo yalikuwa yake. Watafiti wa baadaye, na hasa Pierre Michel, ambaye ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kazi za Mirbeau, wameafikiana nao: mjane wake, Alice Regnault, ndiye aliyeyafikisha maandishi hayo gazetini, na aliyeyatunga ni Gustave Hervé, mwanasiasa aliyekuwa adui mkubwa wa jeshi kabla ya vita kumgeuza kuwa mzalendo mkali.

Uzushi huo usingepata waumini wengi kama marehemu angekuwa mtu wa msimamo mmoja tangu ujana hadi uzee. Mirbeau alikuwa amewahi kugeuka. Aliwaandikia wafuasi wa ukoo wa Napoleon, akawaandikia waliotaka ufalme urudi, akahariri jarida lililoeneza chuki dhidi ya Wayahudi, kisha akawa rafiki wa wanaharakati waliopinga kila dola na mtetezi wa Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi aliyefungwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Anayeyasoma maisha haya kwa haraka anaweza kumwona kuwa mtu asiye na msingi. Mimi ninaamini kinyume chake: miaka aliyoiuza kalamu yake ndiyo iliyompa maarifa ambayo tamthiliya zake zimejengwa juu yake, na bila kuielewa biashara ya magazeti ya Paris katika robo ya mwisho ya karne ya 19 haiwezekani kuelewa kwa nini aliandika kwa ajili ya jukwaa namna alivyoandika.

Mirbeau alizaliwa tarehe 16 Februari 1848 huko Trévières, Normandy, akakulia katika mji mdogo wa Rémalard ambako baba yake alikuwa tabibu. Alipelekwa kusoma kwa Wajesuiti huko Vannes na akafukuzwa mwaka 1863 katika mazingira ambayo hayajawahi kuelezwa waziwazi. Riwaya yake Sébastien Roch, iliyotoka mwaka 1890, inasimulia habari za mvulana anayenajisiwa na padri mwalimu wake katika shule ya aina hiyohiyo na kisha kufukuzwa ili aibu ifichwe. Wengi wameisoma kama ushahidi wa yaliyompata mwandishi mwenyewe, jambo ambalo haliwezi kuthibitishwa, lakini kuliandika jambo hilo wakati ule, kwa uwazi ule na kwa huruma ile kwa mtoto, kulihitaji ujasiri ambao waandishi wakubwa kuliko yeye hawakuwa nao. Vita dhidi ya Prussia vya mwaka 1870 vilimkuta akiwa kijana wa miaka 22, na kushindwa kwa jeshi alilolitumikia, pamoja na njaa, fujo na uzembe wa makamanda alioushuhudia, kulimwondolea heshima yote kwa magwanda. Alipoyaeleza mambo hayo mwaka 1886 katika riwaya ya Le Calvaire, ambamo askari Mfaransa anambusu Mprussia ambaye yeye mwenyewe amemuua, jarida lililokuwa likichapisha riwaya hiyo kwa mfululizo lilikataa kuitoa sura hiyo.

Kijana wa mkoani asiye na mali wala cheo aliyetaka kuishi kwa kuandika alikuwa na mlango mmoja tu, nao ni gazeti, na gazeti wakati ule lilikuwa la mtu mwenye sababu zake za kulimiliki. Mirbeau aliingia Paris mwanzoni mwa miaka ya 1870 kama katibu wa Dugué de la Fauconnerie, mwanasiasa jirani wa nyumbani kwao, na akaanza kuandika katika L'Ordre de Paris, gazeti la wafuasi wa ukoo wa Napoleon. Hata tahakiki zake za kwanza za sanaa zilitoka kwa jina la mtu mwingine. Baadaye alipata kazi serikalini kusini, mkoani Ariège, akaendesha huko gazeti la chama kilekile, kisha akarudi Paris na kuwa mtu wa karibu wa Arthur Meyer, mkurugenzi wa Le Gaulois, gazeti la mabwana na mabibi waliotamani ufalme. Wakati huohuo aliandika riwaya kadhaa ambazo wengine walizinunua na kuzitoa kwa majina yao.

Haifai kuyapita mambo haya kama kasoro za ujana. Sheria ya tarehe 29 Julai 1881 ilikuwa imeyapa magazeti ya Ufaransa uhuru mkubwa mbele ya dola, lakini haikugusa utumwa wao mbele ya fedha. Benki zililipa ili hisa zao zisifiwe, kampuni zililipa ili madeni yao yasitajwe, wakurugenzi wa kumbi za maonyesho walitegemea safu za wahakiki waliokuwa na urafiki wa kununulika, na kashfa ya Mfereji wa Panama, ya kampuni iliyofilisika na akiba za watu, ilipolipuka mwaka 1892 ilionekana wazi kuwa sehemu ya akiba za wananchi wa kawaida ilikuwa imeishia katika vyumba vya wahariri. Mirbeau aliujua mfumo huo kutoka ndani, bei zake na adabu zake, na mwaka 1883 aliandika kwamba mwandishi wa gazeti anajiuza kwa anayemlipa kama kahaba anavyojiuza barabarani. Sentensi hiyo ina ukali wa mtu anayejijumuisha katika hukumu anayoitoa.

Mwaka uliotangulia alikuwa tayari amegundua nguvu ya kalamu yake. Mnamo Oktoba 1882 alichapisha katika Le Figaro makala yaitwayo Le Comédien, shambulio dhidi ya waigizaji wa Paris ambao, kwa maoni yake, jamii ilikuwa imewafanya miungu huku waandishi na wasanii wa kweli wakifa njaa. Waigizaji waliungana kupinga, gazeti likamtupa, naye akapoteza nafasi yake. Makala yenyewe hayana haki, kwa sababu yanaihukumu taaluma nzima kwa majivuno ya wachache, na kuna jambo la kusikitisha katika kuona kwamba mtu ambaye baadaye angemwoa mwanamke aliyewahi kuwa mwigizaji, na kupata utukufu wake mkubwa kupitia waigizaji, alianza kwa kuwatukana. Hata hivyo kuna hoja moja ndani yake iliyodumu naye: kwamba ukumbi wa maonyesho ulikuwa umekuwa mahali pa matajiri kujitazama na kujipenda.

Kuanzia Julai 1883 hadi Januari 1884 alihariri jarida la kila wiki lililoitwa Les Grimaces, kwa fedha za benki ya watu waliokuwa na ugomvi na wapinzani wao wa kibiashara. Jarida hilo lilifichua ufisadi halisi wa wanasiasa wa Jamhuri ya Tatu, dola ya Ufaransa ya wakati huo, na lilifanya hivyo kwa lugha ya kuwachukia Wayahudi, likiwafanya wabebe dhambi za mfumo mzima wa fedha. Hapa ndipo wapenzi wa Mirbeau wanapotaka kupita haraka, na hapa ndipo ninapofikiri inafaa kusimama. Mtu alikuwa na hasira ya kweli dhidi ya wezi wa kweli, naye akaikodisha hasira hiyo kwa tajiri mmoja dhidi ya tajiri mwingine, na chuki ya kikabila ndiyo iliyokuwa ngozi ya kuufunika mkataba huo. Kosa hilo lilikuwa na wahanga, kwa sababu maneno ya aina hiyo yaliyosambazwa katika miaka ya 1880 ndiyo yaliyoutayarisha umma uliopiga makelele ya kutaka damu ya Dreyfus miaka kumi baadaye.

Mgeuko haukuja siku moja. Ulitanguliwa na uhusiano wa kimapenzi uliomvunja moyo na kumwacha na madeni, ukafuatiwa na miezi kadhaa ya upweke huko Audierne, Brittany, mwaka 1884, na kuanzia hapo makala zake zilianza kuelekea upande mwingine. Hata baada ya hapo hakuwa msafi mara moja. Mwaka 1885 wasomaji wa Paris walisoma barua ndefu kutoka India zilizosainiwa kwa jina la Nirvana, zenye mandhari, watu na siasa za huko, ilhali mwandishi wake hakuwa ameondoka Ufaransa. Ni Mirbeau aliyezitunga. Ninalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba kuikomboa kalamu ni kazi ya miaka, hasa kwa mtu ambaye bado ana kodi ya kulipa.

Alipopata uhuru wa kuandika kwa jina lake na kwa dhamiri yake, aliutumia kwanza kuwainua wengine. Alimtetea mchongaji Auguste Rodin tangu mwaka 1885, akawa rafiki wa kudumu wa mchoraji Claude Monet, akausifu uchongaji wa Camille Claudel alipokuwa bado anachukuliwa kuwa kivuli cha mwalimu wake, Rodin, na mnamo Machi 1891 akaandika katika L'Écho de Paris makala ya kumsifu mchoraji Vincent van Gogh, aliyekuwa amekufa miezi minane tu iliyopita bila kujulikana na umma. Alinunua pia michoro yake, ukiwamo ule wa maua ya Iris, ambao mwaka 1987 uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 50. Katika fasihi, makala yake ya Agosti 1890 katika Le Figaro yalimtoa gizani kijana wa Kibelgiji aliyeitwa Maurice Maeterlinck kwa kuitangaza tamthiliya yake La Princesse Maleine kuwa kazi ya kulinganishwa na Shakespeare, na kijana huyo alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1911.

Katika siasa alikwenda mbali zaidi. Tarehe 28 Novemba 1888 Le Figaro, gazeti la watu wenye nafasi, lilichapisha makala yake La Grève des électeurs, yaani mgomo wa wapiga kura, ambamo anasema kwamba kondoo hupelekwa machinjioni bila kusema lolote, lakini angalau hawampigii kura mchinjaji atakayewaua wala tajiri atakayewala. Wanaharakati waliopinga dola waliyachapa upya kama kijitabu na kuyagawa kwa miaka mingi, na mwaka 1893 Mirbeau aliandika dibaji ya kitabu cha mmoja wa viongozi wao, Jean Grave. Mtu anaweza kutokubaliana na hitimisho lake kuhusu kura, kama mimi nisivyokubaliana nalo, na bado akatambua kwamba swali alilouliza, la nani ananufaika na imani ya mpiga kura, lilikuwa swali la mtu aliyewahi kuzitunga hotuba za wagombea.

Mtihani wa kweli ulikuja na kesi ya Dreyfus. Mirbeau aliingia upande wa watetezi wake mwishoni mwa mwaka 1897, kabla mwandishi wa riwaya Émile Zola hajachapisha barua yake maarufu ya wazi ya Januari 1898 ya kumtetea Dreyfus, na alipoingia aliingia kwa nguvu zake zote: aliandika katika gazeti la L'Aurore, alizungumza katika mikutano ambako watetezi wa Dreyfus walipigwa, alisafiri hadi Rennes kuifuatilia kesi ya pili mwaka 1899, na Zola alipotozwa faini ya zaidi ya faranga 7,500, yeye ndiye aliyeilipa kutoka mfukoni mwake. Maadui hawakuchelewa kumkumbusha Les Grimaces. Mnamo Novemba 1898 aliwajibu kwa makala yaitwayo Palinodies, ambamo hakukana wala hakupunguza alichokiandika miaka kumi na mitano nyuma, akaeleza jinsi chuki ile ilivyomwingia na jinsi alivyotoka humo, na akasema kwamba uzuri wa maisha ya kimaadili ni kwenda daima kutoka kwenye ubaya kuelekea kwenye ubora. Waandishi wengi wa kizazi chake walibadilisha vyama, lakini ni wachache sana waliokubali hadharani, katika gazeti lilelile walilolitumia kuwashambulia wengine, kwamba walikuwa wamewadhuru watu.

Katikati ya dhoruba hiyo ndipo Mirbeau mwandishi wa tamthiliya alipozaliwa. Tarehe 15 Desemba 1897 ukumbi wa Renaissance ulionyesha Les Mauvais Bergers, wachungaji wabaya, tamthiliya ya mgomo wa kiwandani inayoishia kwa mauaji ya wafanyakazi, huku Sarah Bernhardt na Lucien Guitry wakicheza nafasi kuu. Majina hayo mawili yalileta umati, lakini tamthiliya yenyewe inaelemewa na hotuba ndefu, na Mirbeau mwenyewe hakuridhika nayo. Wachungaji anaowalaumu si wenye viwanda peke yao. Ni pia wabunge wa vyama vya kijamaa na hata kiongozi wa mgomo, na pazia linashuka bila matumaini yoyote, jambo lililowaudhi wanamapinduzi waliotarajia wimbo wa ushindi.

Kipaji chake halisi cha jukwaani kilionekana katika michezo mifupi ya tendo moja aliyoikusanya mwaka 1904 chini ya jina Farces et moralités. Katika L'Épidémie, ya mwaka 1898, madiwani wa mji wa bandari wanakataa kutoa fedha za kusafisha kambi ambako askari wanakufa kwa homa ya matumbo, kwa kuwa kufa ni kazi ya askari. Inapofika habari kwamba tajiri mmoja wa mji amekufa kwa ugonjwa huohuo, wanapiga kura ya mamilioni katika dakika chache. Katika Le Portefeuille, ya mwaka 1902, ombaomba anaokota pochi yenye faranga elfu kumi, anaipeleka polisi, anasifiwa kuwa shujaa, kisha inagundulika kwamba hana makazi ya kudumu na anawekwa ndani kwa kosa la uzururaji. Interview inamweka jukwaani mwandishi wa gazeti anayemhoji muuza mvinyo kana kwamba ni mhalifu, bila kujali anachojibu. Baadhi ya michezo hii ilitokana moja kwa moja na hadithi alizokuwa amezichapa magazetini. Ilikuwa njia yake ya kufanya kazi: gazeti lilimpa tukio na sauti za watu, na jukwaa lilimruhusu kuwaacha wenye madaraka waseme maneno yao wenyewe mpaka mantiki yao iwaumbue, bila mwandishi kuingilia kati kuwahukumu.

Njia hiyo ilifikia kilele tarehe 20 Aprili 1903 katika Comédie-Française, ukumbi rasmi wa taifa, kwa tamthiliya ya Les affaires sont les affaires, biashara ni biashara. Hata kuifikisha hapo kulikuwa vita. Waigizaji wanachama wa kamati ya kusoma miswada waliikubali kwa sharti la kurekebishwa, Mirbeau akakataa kurekebisha, na mwaka huohuo wa 1901 kamati yenyewe ikavunjwa, madaraka yake yakahamia kwa mkurugenzi, Jules Claretie.

Mhusika mkuu, Isidore Lechat, alikuwa amekwisha kutokea katika hadithi ya mwaka 1885 kama mwenye mashamba mwenye vituko. Jukwaani amekua na kuwa tajiri wa zama mpya: anamiliki kasri na gazeti, anagombea ubunge, anacheza na migodi, umeme, ardhi na heshima za watu kwa furaha ileile, na anasema wazi mambo ambayo wenzake huyaficha. Anataka kumwoza binti yake, Germaine, kwa mwana wa mrithi wa ukoo wa kale uliozama katika madeni, na binti anakataa, anatangaza kwamba ana mpenzi wake maskini, na anaondoka. Mara inaletwa habari kwamba mwanawe mpendwa, Xavier, amekufa katika ajali ya gari. Wahandisi wawili waliokuwa wakijadiliana naye mkataba wanafikiri kwamba baba aliyevunjika moyo atatia saini bila kusoma. Lechat, huku akilia, anasoma, anakigundua kipengele walichokificha, anawalazimisha wakubali masharti yake, na ndipo anapokwenda kuipokea maiti. Tukio hilo bado linatisha, kwa sababu Mirbeau hakumnyima Lechat uchungu wa kweli. Machozi ni ya kweli na hesabu ni za kweli, na vyote viwili vinakaa katika kifua kimoja. Maurice de Féraudy aliicheza nafasi hiyo kwa miaka mingi, na tamthiliya ilivuka mipaka haraka, ikapata mafanikio makubwa Ujerumani na Urusi. Mafanikio hayo ndiyo yaliyomtajirisha Mirbeau, na kuanzia hapo hakuna tajiri wa gazeti aliyeweza tena kumtisha.

Kati ya tamthiliya zake mbili kubwa kipo kitabu kinachowahusu wasomaji wa Kiswahili, hasa walioko Congo, kwa karibu zaidi. La 628-E8, kilichotoka mwaka 1907 na kupewa jina la namba ya gari lake, kinasimulia safari yake kupitia Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika kurasa za Ubelgiji kuna sehemu iitwayo mpira mwekundu. Humo anaandika juu ya Congo ya Mfalme Leopold wa Pili, ambako vijiji vililazimishwa kuvuna utomvu wa mpira kwa mijeledi, mateka na mikono iliyokatwa, ili bandari ya Antwerp ipokee shehena zake. Ripoti ya Roger Casement, konseli wa Uingereza aliyeuchunguza ukatili huo, ilikuwa imetoka mwaka 1904, na Leopold alinyang'anywa Congo na bunge la Ubelgiji mwaka 1908. Mirbeau hakuwa wa kwanza kusema, lakini aliwaambia wasomaji wa kifahari wa Paris, ndani ya kitabu cha kusifu raha ya gari, kwamba matairi yana historia. Tangu mwaka 1892 alikuwa ameandika dhidi ya ukoloni wa nchi yake mwenyewe pia, na kwa hiyo hakuna haki ya kumwona kama Mfaransa anayewasimanga Wabelgiji.

Tamthiliya ya Le Foyer, aliyoiandika pamoja na Thadée Natanson, ndiyo iliyompeleka mahakamani na kumrudisha magazetini. Baron Courtin, seneta na mwanachama wa Académie française, taasisi kuu ya lugha na fasihi ya Ufaransa, anaendesha makao ya hisani ya wasichana maskini, ambako watoto wanafanyishwa kazi, wanateswa, na mmoja anakufa baada ya kufungiwa kabatini na kusahauliwa. Fedha za makao zimeliwa na baron, na ili kuyaziba mambo inabidi mkewe arudi kwa tajiri aliyekuwa mpenzi wake. Claretie aliyasimamisha mazoezi mwanzoni mwa mwaka 1908, waandishi wakamshitaki, mahakama ikawapa haki, na onyesho la kwanza likafanyika tarehe 7 Desemba. Wanachama wa vyama vya kizalendo walifanya fujo, na katika baadhi ya miji ya mikoani mameya waliipiga marufuku. Kilichowachoma ni kwamba hisani, ambayo tabaka la juu liliitumia kama cheti cha wema wake, ilionyeshwa kuwa biashara yenye faida kama zile za Lechat, na malighafi yake ikiwa watoto.

Baada ya hapo afya yake ilianza kumwacha. Riwaya yake ya mwisho aliyoitoa akiwa hai, Dingo, ya mwaka 1913, ilikamilishwa kwa msaada wa Léon Werth. Alifariki Paris tarehe 16 Februari 1917, siku aliyotimiza miaka 69. Miongoni mwa karatasi alizoziacha ilikuwamo Un gentilhomme, riwaya isiyokamilika iliyochapishwa mwaka 1920, ambamo katibu wa mwanasiasa wa mkoani anaeleza jinsi alivyokuwa akitoa akili yake kwa mshahara, akiandika mawazo ya kila bwana aliyempata bila kuwa na haki ya kuwa na yake. Anayetaka kujua Mirbeau aliikumbukaje miaka yake ya L'Ordre de Paris na Le Gaulois atapata humo ushahidi wa karibu kuliko popote pengine.